Uliza Tukujibu: Atomu za baridi zinazojifanya elektroni

Toleo lililopita niliandika vimistari vitatu tu kwenye habari fupi, kwamba siku hizi wanafizikia wanajaribu kuelewa baadhi ya metali na sumaku kwa kuziigiza na atomu zilizopozwa, na kwamba kazi hiyo inaitwa simulesheni ya kwantamu (kwantamu ni zile sheria zinazotawala vitu vidogo kama atomu na elektroni). Nikadhani imepita. Kumbe nimechokoza nyuki, maswali yamemiminika wiki nzima. Nimechagua saba, yaliyofanana nimeyaunganisha, na moja lilikuwa tusi tupu nikaliacha lilipo.

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi. Dunia ina supakompyuta zinazojaza ukumbi mzima, zinatabiri hali ya hewa, zinasaidia kutengeneza dawa, iweje zishindwe na kipande cha metali? Au ni mbinu ya kuombea hela za utafiti tu? – Mbishi wa Kudumu

Salama ndugu Mbishi. Hela za utafiti zinaombwa sana, hapo sitakubishia, lakini hii shida ipo kweli na unaweza kuiona mwenyewe hata kwa laptop.

Mimi niliiona hivi. Niliandika kiprogramu cha mistari kama 40 cha kuigiza mnyororo wa visumaku, kila kimoja kinamgusa jirani yake tu, hakuna makuu. Visumaku 10, kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe jibu limetoka. 20, freshi. 26, feni ikaanza kupiga kelele. 28 nikaiacha inafanya kazi nikaenda kulala. Asubuhi nikajaribu 29, mshale wa mausi ukagoma kusogea, skrini ikaganda, ikabidi nibonyeze kitufe cha kuzima nikishikilie kabisa. Yaani kutoka 28 kwenda 29, kisumaku kimoja tu kimeongezeka!

Sasa kwa nini. Ukiwa na mipira 29 ya kawaida unaandika orodha ya mistari 29, mpira huu uko hapa, ule uko pale, ukiongeza mpira unaongeza mstari, biashara imeisha. Kisumaku cha kwantamu kinaweza kuelekea juu, au chini, au mchanganyiko wa vyote viwili, na viwili vikishagusana mchanganyiko wao unakuwa wa pamoja, huwezi tena kusema "huyu yuko hivi na yule yuko vile", inabidi uweke namba kwa kila mpangilio unaowezekana: juu-juu, juu-chini, chini-juu, chini-chini. Viwili namba 4, vitatu namba 8, kumi namba 1,024, na kila unapoongeza kimoja orodha nzima inazidishwa mara mbili. Kwa 29 ni namba 536,870,912, kila moja inakula baiti 16, kwa hiyo orodha moja tu ni giga 8 na ushee, na programu yangu ilitaka orodha ya kabla na orodha ya baada. RAM yangu ni giga 16. Kwisha habari.

Usiniambie ninunue laptop kubwa. Visumaku 50 vinataka giga kama milioni 18, hapo ndipo hizo kumbi za supakompyuta zinapoanza kutoka jasho. 300 vinataka namba nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu tunaoweza kuuona, na kipande cha metali unachoweza kukishika kwa vidole kina elektroni zisizohesabika hata kidogo kwa mtindo huo.

Ila niwe mkweli, supakompyuta hazishindwi na kila kitu. Watu wamebuni ujanja mwingi wa kukwepa hiyo orodha, na kwa vitu vingi ujanja unafanya kazi vizuri sana. Unapokwama ni pale elektroni nyingi zinapochukiana kwa nguvu. Njia moja maarufu ni ya kupiga sampuli kwa bahati nasibu kisha unachukua wastani, lakini kwa elektroni sampuli nyingine zinakuja na alama ya kujumlisha na nyingine ya kutoa, zinakatana karibu zote. Ni kama umekadiria mapato ya mabilioni na matumizi ya mabilioni, halafu faida unayoitafuta ni senti tano. Makosa ya makadirio yako yameshaimeza zamani.

Ndipo mwaka 1981 mwanafizikia Richard Feynman akasimama kwenye mkutano pale MIT, Marekani, akasema kitu ambacho ukikisikia unaona kama utani: ikiwa maumbile yanafuata sheria za kwantamu, basi tuyaigize kwa mashine inayofuata sheria hizohizo. Hotuba ilichapishwa 1982. Yuri Manin, mwanahisabati wa Kisovieti, alishaligusia wazo hilo mwaka 1980, ila Feynman alikuwa na mdomo, wazo likabaki na jina lake.

SWALI: Mimi umeniacha kwenye atomu. Atomu iliyopozwa inaigizaje elektroni ndani ya metali? Moja ni nzito moja ni nyepesi, moja ina chaji nyingine haina. Havifanani hata kwa bahati mbaya. – Dada T.

Dada T umeuliza swali ambalo ndilo moyo wa mambo yote, kaa vizuri hili jibu ni refu.

Havifanani, kweli kabisa. Kinachofanana ni mlinganyo. Miaka ya 1870 William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kutabiri maji kujaa na kupwa. Ndani ni magurudumu ya shaba, kapi, na uzi mmoja mrefu unaopita kwenye kapi zote, kila kapi inapanda na kushuka kwa mwendo wake, moja kwa ajili ya mwezi, nyingine kwa ajili ya jua, na ncha ya uzi inachora mchoro wa bahari wa siku zijazo. Shaba na uzi havifanani na bahari hata chembe, hakuna tone la maji mle. Lakini uzi unajumlisha miendo ileile inayojumlishwa na bahari, kwa hiyo unasoma uzi unaijua bahari. Simuleta ya kwantamu ni ndugu wa mashine ile, tofauti ni kwamba "kapi" zake zinafuata sheria za kwantamu.

Sasa tuingie ndani ya metali. Ukiondoa mapambo yote, elektroni ndani ya kristali inafanya mambo mawili: inaruka kutoka kwenye chumba chake kwenda chumba cha jirani, na inachukia kukaa chumba kimoja na mwenzake. Basi. Mwaka 1963 mwanafizikia John Hubbard aliandika modeli yenye hayo mawili tu, gharama ya kuruka na gharama ya kubanana, na ile modeli inaonekana rahisi mpaka unacheka, lakini kwenye tambarare ya pande mbili hakuna mtu aliyeitatua kikamilifu mpaka leo. Na wengi wanaamini ndani yake kuna siri ya zile superkondakta za joto la juu zilizogunduliwa na Bednorz na Müller mwaka 1986, zinazopitisha umeme bila kupoteza kitu (joto la juu kwa kulinganisha na superkondakta nyingine tu, bado ni baridi kali). Nasema wengi wanaamini, sijasema imethibitishwa.

Atomu inaingiaje. Unaanza na mvuke kidogo wa rubidiamu, aina ya metali, ndani ya chombo kisicho na hewa. Kwenye joto la chumba atomu zake zinakimbia mita kama 300 kwa sekunde. Unazipiga na leza kutoka pande zote, na leza imetegwa rangi yake kwa namna ambayo atomu inayokimbia kuielekea ndiyo inayosukumwa zaidi, kwa hiyo popote inapogeuka inakutana na upepo wa usoni, inapunguza mwendo, inapunguza. Watu walipewa Nobel kwa hilo mwaka 1997. Halafu unafanya kitu kinachofanana na kupuliza kikombe cha moto: unaziachia zile atomu zenye joto kuliko wenzao zitoroke, zinazobaki zinagawana joto lililobaki, na unarudia mpaka unafika sehemu ya milioni ya digrii moja juu ya sifuri kabisa (baridi ya mwisho inayowezekana), hata chini ya hapo. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman walifika huko pale Boulder, Colorado, atomu zao zikaanza kutembea kama wimbi moja.

Halafu unawasha leza nyingine, unazigonganisha uso kwa uso, na mahali zinapokutana mwanga unasimama kwa mawimbi, sehemu kali sehemu hafifu, kali, hafifu. Kwa atomu hiyo ni trei ya mayai iliyotengenezwa kwa mwanga mtupu. Kila shimo la trei ni "chumba" cha kristali. Ukiongeza nguvu ya leza kuta za trei zinapanda, atomu inapata shida kuruka. Ukipunguza, kuta zinashuka, inaruka kirahisi. Yaani ile gharama ya kuruka ya Hubbard imekuwa swichi ya kuzungusha kwa mkono! Jaribu kufanya hivyo kwenye kipande halisi cha metali uone kama kitakusikiliza.

Mwaka 2002 kundi la kina Greiner, Hänsch na Bloch kule Munich, Ujerumani, walifanya hasa hivyo kwa rubidiamu, kwenye trei yenye vyumba zaidi ya 100,000 vilivyokaliwa. Kuta zikiwa fupi, atomu zilikuwa zinatiririka pamoja kila mahali, na ukizima trei ghafla ukapiga picha unaona madoa makali yaliyopangika kwa mistari, alama ya wimbi moja. Wakapandisha kuta. Madoa yakafifia, yakayeyuka, ikabaki wingu tu la ukungu, maana kila atomu imeganda chumbani kwake haimjui jirani. Wakashusha kuta tena, madoa yakarudi. Kitu kilichokuwa kinatiririka kimekuwa kihami na kikarudi kutiririka, bila kubadilisha madini, bila tanuri, kwa kuzungusha nguvu ya leza. Nadharia yake ilishaandikwa na wenzao mwaka 1998, ila kuona picha ni kitu kingine bwana.

Na faida nyingine ambayo watu hawaisemi sana: ukubwa na mwendo. Vyumba vya trei viko mbali karibu mara elfu moja kuliko atomu ndani ya kristali, na atomu inaruka kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya sekunde wakati elektroni inaruka mabilioni ya mara haraka kuliko hapo. Ni filamu ileile imekuzwa na imepunguzwa kasi. Mwaka 2009 pale Harvard walitengeneza hadubini inayoona kila atomu kwenye trei, moja moja, nukta nyeupe kwenye giza, hapa ipo, hapa haipo, hapa ipo. Mimi picha ile niliikodolea macho dakika nzima nikiwa nimesahau chai.

Rubidiamu ile ya Munich lakini haifuati tabia ya elektroni ya kukataa kugawana nafasi. Kwa hilo wanatumia lithiamu-6, ambayo inafuata, na mwaka 2017 Harvard hiyohiyo walionyesha atomu kama 80 za lithiamu zikijipanga juu-chini-juu-chini kama ubao wa drafti, ule upangaji wa kisumaku unaoonekana kwenye superkondakta za joto la juu kabla hazijaongezewa au kupunguziwa elektroni. Kikwazo chao kikubwa ni baridi. Kwa kulinganisha na nguvu ya kuruka, atomu zinatakiwa ziwe na baridi kali zaidi ya hapo ndipo mambo matamu ya modeli yaanze kujitokeza, na kila hatua ya baridi inapiganiwa miaka.

SWALI: Kwa hiyo hii ndiyo kompyuta ya kwantamu au ni kitu kingine? Mbona mnatuchanganya? – Msomaji wa Siku Zote

Ndugu zake, si yenyewe. Mashine ya Munich haipokei programu, inajua wimbo mmoja na wewe unabadilisha sauti na kasi tu. Kompyuta ya kwantamu yenye kubiti (vipande vyake vya taarifa, kila kimoja kinaweza kuwa 0, 1 au mchanganyiko) na geti (hatua moja moja ya hesabu) unaipangia hatua kwa hatua, na inaweza kuigiza vitu vingi tofauti: mwaka 1996 Seth Lloyd alionyesha kwamba unaukata muda vipande vidogovidogo, kila kipande unafanya kwanza kuruka halafu kubanana halafu kuruka, na vikiwa vidogo vya kutosha huoni tofauti na vyote kutokea kwa pamoja. Tatizo ni kwamba vipande vingi ni geti nyingi, na kila geti lina kosa lake, makosa yanajumlishana. Kwa hiyo kwa sasa ile mashine ya wimbo mmoja ndiyo mara nyingi inaenda mbali zaidi, na mimi kama ningelazimika kuweka dau kwa miaka michache ijayo ningeweka kwake. Kuna za katikati pia, za atomu zilizoshikwa moja moja na vibano vya mwanga, unazipanga unavyotaka. Hizo ndizo zinanipendeza kuliko zote, nitazitaja hapo chini.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, nimesahihisha mitihani miaka mingi. Mnasema mashine hii inajibu maswali ambayo hakuna kompyuta inaweza kuyajibu. Sasa nani anasahihisha? – Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mwalimu. Umegonga pale pale, na nikwambie ukweli hili swali lako linawanyima usingizi hata wenye mashine.

Kitu cha kwanza wanachofanya ni kama wewe ulivyokuwa unampa mwanafunzi mgeni jaribio dogo kwanza. Wanaendesha mashine kwa atomu 8, 10, 15, ambapo hata laptop yangu inajua jibu, wanalinganisha namba kwa namba. Zikilingana wanaongeza. Kuna pia kona za modeli ambazo zina jibu la kalamu na karatasi hata zikiwa kubwa, kwa mfano ukizima kubanana kabisa, wanaipeleka mashine huko waone kama inajibu sawa. Halafu wanalinganisha mashine za aina tofauti: mwaka 2017 kundi la Harvard na MIT lilitumia atomu 51 za rubidiamu kwenye vibano vya mwanga, na kundi la Maryland likatumia ioni 53 (atomu zenye chaji) zilizonaswa na umeme, vitu viwili ambavyo makosa yake hayana undugu. Vikisema kitu kimoja kwa swali moja, unaanza kuamini.

Lakini mwalimu, jaribio dogo si mtihani wa mwisho, wewe unajua kuliko mimi. Mashine inaweza kuwa sahihi kwa atomu 10 na ikapotea kwa 200, kwa sababu leza haina nguvu sawa katikati na pembeni, kwa sababu atomu moja imetoroka hakuna aliyeiona, kwa sababu joto limejipenyeza. Na kila picha inaharibu kilichopigwa, ukishapiga umevunja mpangilio, unaanza upya kupoza, unapiga tena, mamia na maelfu ya mara, kisha ndipo unapata wastani. Kwa hiyo jibu lenyewe huwa linakuja na mstari wa makosa, unaoonyesha linaweza kupotoka kiasi gani, na ule mstari ndio wa kuutazama kwanza kabla ya kichwa cha habari.

Mfano mzuri wa kuwa na subira ni wa 2023. IBM walichapisha kazi ya kuigiza visumaku kwa chipu yenye kubiti 127, wakasema mashine inatoa majibu ya maana mahali ambapo njia za kawaida walizojaribu zimekwama. Hazikupita hata wiki nyingi, makundi kadhaa yakapata majibu yaleyale kwa kompyuta za kawaida, mengine kwa laptop, kwa ujanja bora zaidi. Watu wakacheka mtandaoni. Mimi sioni cha kuchekwa. Kwanza ilionyesha kwamba mashine ilikuwa imejibu sawa, ambayo ndiyo swali lako mwalimu, mtihani umesahihishwa na mwanafunzi amefaulu. Pili ule ujanja mpya ulikuja kwa sababu ya uchokozi. Ila neno "haiwezekani kwa kompyuta ya kawaida", nikilisoma siku hizi huwa nasubiri miezi sita kabla sijaliandika humu.

Na upande wa pili upo pia. Ile mashine ya atomu 51. Waliipanga moja imesisimuliwa (imeongezewa nishati), inayofuata imetulia, imesisimuliwa, imetulia, mstari mzima, kisha wakaiachia. Kwa kawaida mfumo wenye vitu vingi vinavyogusana hivyo unasahau ulikoanzia, kama tone la wino kwenye maji, linasambaa na halirudi. Hii ikasambaa, halafu ikarudi karibu na mpangilio wake wa mwanzo. Ikasambaa tena, ikarudi tena, mara kadhaa. Hakuna aliyekuwa ameitabiri. Wananadharia wakakaa chini, mwaka 2018 wakatoa maelezo, wakaita "makovu" ya kwantamu, kwamba kati ya hali nyingi mno za mfumo kuna chache za ajabu ambazo hazisahau. Na atomu 51 zenyewe kompyuta ya kawaida yenye ujanja inaziweza, sikufichi. Lakini hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza swali hilo mpaka mashine ilipojibu bila kuulizwa. Hapo nadhani ndipo thamani yake ilipo zaidi, kuliko kwenye mashindano ya nani ana namba kubwa.

SWALI: Niliona mahali wameandika kwamba wanasayansi wametengeneza handaki la anga, lile la kukatiza kutoka upande mmoja wa ulimwengu kwenda mwingine, ndani ya chipu ya kwantamu. Ni kweli? – Junior, miaka 14

Junior mdogo wangu, hapana. Ilikuwa Novemba 2022, kazi ilifanyika kwa kubiti 9 kwenye chipu ya Google. Kuna nadharia inayosema baadhi ya mifumo ya kwantamu isiyo na mvutano (graviti) inaweza kuelezwa kwa hesabu zilezile za handaki la anga, wao wakachukua mfumo kama huo, wakaupunguza mpaka ukaingia kwenye kubiti 9, wakauendesha. Wanafizikia wengine wakapinga, wakasema ukishaupunguza kiasi hicho ile sifa ya mvutano yenyewe inakuwa imepotea njiani, na mimi niko upande wao. Hakuna nafasi iliyotobolewa popote, chipu iko salama kwenye friji lake.

Ila hapa kuna kitu kizuri cha kufikiria. Zile atomu za Munich zilipoganda vyumbani hazikuwa "zinaigiza" kihami kwa maana ya kuigiza jukwaani, zilikuwa kihami kweli, ila cha atomu badala ya elektroni. Kwa hiyo ukisoma habari ya namna hii siku nyingine uliza: kitu chenyewe kimetokea pale, au ni mlinganyo wake tu umepigwa hesabu pale? Ukijua kutofautisha hayo mawili utakuwa umewapita waandishi wengi wa vichwa vya habari, na mimi mwenyewe nikiwemo siku nikiwa na haraka.

SWALI: Maneno mengi. Mimi mwananchi wa kawaida inanisaidia nini? – Bila Jina

Leo, haikusaidii kitu. Si unataka ukweli?

Kesho labda. Superkondakta za sasa zote zinazotumika zinahitaji kupozwa sana, na kwa zile za joto la juu hakuna mwenye maelezo yanayokubalika na wote kwa nini zinafanya kazi, kwa hiyo watu wanatafuta mpya kwa kubahatisha. Mbolea ya kiwandani ni hivyohivyo, naitrojeni ya hewani inalazimishwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, wakati bakteria kwenye mizizi ya kunde wanafanya kazi hiyo kwa joto la udongo, wakitumia kimeng'enya ambacho kina rundo dogo la chuma, molibdenamu na salfa katikati. Elektroni za rundo lile zimefungamana vibaya sana, kompyuta za kawaida zinahangaika nazo, na ni mojawapo ya vitu vinavyotajwa sana kwenye orodha ya kuigizwa siku mashine zikikomaa. Hazijakomaa. Anayekuuzia hisa kwa kukwambia ni mwakani, mwache aende.

SWALI: Niko mwaka wa kwanza chuo, napenda hii kitu lakini kila nikifungua makala nakutana na alama ambazo sijawahi kuziona. Nianzie wapi kaka? – K.

Anzia kwenye aljebra ya matriksi mdogo wangu, na usiidharau, robo tatu ya alama zinazokutisha ni matriksi zimevaa koti. Halafu chukua visumaku viwili tu. Andika ile orodha ya namba 4 kwa mkono, andika matriksi ya nne kwa nne inayosema majirani wanapenda kuelekea upande tofauti, tafuta hali yenye nishati ndogo kuliko zote. Utakuta si juu-chini wala chini-juu, ni vyote viwili kwa pamoja vikiwa vimetolewa kimoja kutoka kwa kingine, na hiyo alama ya kutoa katikati ukiielewa ilikotoka umeshaielewa mada kuliko watu wengi wanaoizungumzia. Fanya kwa karatasi, kompyuta isubiri. Kisha vitatu kwenye pembetatu, ambapo kila mmoja anataka kuelekea tofauti na majirani wote wawili na haiwezekani, mmoja lazima anune. Ukifika hapo niandikie ulichokipata, nitakujibu humu humu toleo lijalo.